Mkunga Bora Kabisa wa Kilibula

Waheshimiwa mliokaa, waheshimiwa mnaosimama kwa kukosa viti, wafanyabiashara wa Nyamianda, wakulima mliotoka Katogota, akina mama wote, hasa wajawazito, na mimi mwenyewe, Herménégilde, Rais wa Komisiyo ya Kumchagua Mkunga Bora wa Maternite, yaani nyumba ya uzazi, ya Kilibula, ambaye najisalimia kwa niaba yenu! (Makofi. Mama Safi, mimba yake pevu, anashika kiuno.)

Kwa mujibu wa stratejia ya kisayansi niliyopewa katika seminari, hotelini, anayechagua katika hali ya kutojua yajayo asimchukue wa kwanza. Huwasikiliza asilimia thelathini na saba ya wagombea, akawakataa wote bila huruma, kisha akamchukua wa kwanza atakayewapita hao. Na aliyekataliwa harudishwi. (Sauti kutoka nyuma: "Na Mama Generose?") Mama Generose alifika wa kwanza. Amezalisha nusu ya mtaa huu, alijibu maswali yote, mawili akatusahihishia. Tukamkataa, kwa heshima zote, awe kipimo. (Miguno.)

Baada yake, ndugu zangu, hakutokea hata mmoja wa kumpita, na kwa kuwa stratejia haibembelezi mtu, tuliendelea kukataa kwa moyo mkuu hadi tukamfikia wa mwisho, ambaye kanuni inataka achukuliwe jinsi alivyo. Papa Ayoubu, simama! ("Weye Ayoubu, unajua kuzalisha?" "Minye natengeneza mota za mitumbwi. Nilikuja kuuliza kama iko mota ya kutengeneza.") Huo ndio unyenyekevu wa mtaalamu!

("Papa Rais, Safi iko na uchungu!") Mama Safi avumilie, nimebakiza nguzo tatu za mradi. ("Mutoto hangojake komisiyo! Mama Generose, kuya!" Akina mama wanafungua vitenge, wanazungusha pazia. Generose anapita mbele ya meza kuu bila kusalimia.) Nakumbusha kwamba mgombea aliyekataliwa haruhusiwi... (Kilio cha mtoto. Vigelegele.)

Asanteni, vigelegele nimevipokea. Mkunga bora! ("Generose!") Subira! ("Generose!")

Nawashukuru pia vijana mlioushika utepe wa uzinduzi kwa mikono, maana hakuna mlango wa kuufungia. Maternite yetu imekwisha kupata rais, mkunga na mtoto wa kwanza. Ujenzi utaanza mara tutakapochagua kiwanja, kwa stratejia ileile. Vile vizuri tumekwisha kuvikataa.