Behewa Amsalimie Bibi Fatu

Jumatatu, 8 Juni

Nina kasuku! Mimi! Naandika kwa herufi ndogo nisije nikaonekana najisifu, lakini kalamu inaruka yenyewe.

Ni wa kijivu, mkia mwekundu, jicho kama la mkaguzi wa shule. Jina lake Behewa. Alikuwa wa Mzee Simeoni wa Itigi, rafiki wa Babu, aliyefanya kazi relini tangu ujana. Sasa Mzee anahamia kwa binti yake, na binti kasema baba karibu, ndege hapana. Leo kamleta dukani kwetu ndani ya tenga la kuku, na karatasi zake zote za kibali. Machozi yalimlengalenga. Mzee, si ndege. Ndege alikuwa anatafuna tenga.

Babu akauliza nani atamtunza. Nikanyoosha kidole. Sikuonekana. Nikanyoosha mkono mzima. Sikuonekana. Mansuri alikuwa anaruka huku akipiga kelele mimi Babu, mimi, mimi! Mama ndiye aliyeniona. Ahsante, Mama!

Mansuri ni mtoto wa baba mdogo. Tunaishi nyumba moja, tuko kidato kimoja. Shikamoo yake inasikika mpaka ziwani. Yangu inafia kwenye meno. Kila wiki kuna mzee anayemwambia Mama kwamba binti yako Radhia hasalimii. Nasalimia! Nawasalimia wote! Ila Mungu amenipa sauti ya kusomea kimyakimya.

Hapo ndipo Babu alipoweka sharti. Jumamosi anakuja Bibi Fatu kutoka Kilimatinde. Ni dada yake Babu, mkubwa kuliko watu wote wa ukoo huu. Idi iliyopita alinung'unika mpaka anaondoka, eti nilimpita kama napita nguzo ya umeme. Babu kasema akilisikia tena neno hilo, kasuku anakuwa wa Mansuri siku hiyohiyo. Asiyeweza kusalimia watu, kasema, hana haja ya kuongea na ndege.

Mansuri tayari ana mipango. Atamfundisha Behewa kuizomea timu ya Anselm, fundi seremala wa ng'ambo ya barabara, amrekodi, amtupe mtandaoni. Maskini Behewa!

Wazo limenijia nikiosha vyombo. Ndege anaongea. Mimi siongei. Tuunganishe! Behewa aseme shikamoo, mimi nichezeshe midomo. Nimecheka peke yangu hadi nikadondosha sufuria.

Jumanne, 9 Juni

Tenga limepata mlango ambao halikuwa nao jana. Behewa yuko juu ya kabati, anakula fremu ya picha ya harusi ya Mama. Upande wa Baba ndio umeliwa. Mama kasema afadhali.

Kwa hiyo, banda! Nina kitabu cha kufuga ndege nilichoazima maktaba ya shule kwa likizo yote. Kiliandikwa nchi ya theluji. Kinasema kasuku awekwe mbali na theluji. Nimetii. Kinasema banda liwe pana, ndege akunjue mabawa na kugeuka bila kugusa ukuta. Nikampima mabawa kwa rula. Yeye akanipima kidole kwa mdomo. Plasta mbili.

Anselm kanitengenezea fremu ya mbao, akaibana kwa wavu mgumu uliobaki kwenye madirisha ya mtu. Aliuliza kama huyu ni ndege au mahabusu. Nikamjibu. Hakusikia, akaendelea kugonga misumari. Nikaweka matawi ya mpera, manene na membamba, kwa sababu kitabu kinasema mguu wa kasuku ukishika unene uleule kila siku unauma. Nikaweka bakuli la maji, la chakula, na gamba la nazi la kuchezea. Banda zuri kuliko chumba changu!

Kitabu kinasema pia alizeti apewe kidogo tu, inanenepesha. Alizeti! Singida! Kwenye duka linalouza mafuta ya alizeti na mashudu yake ya kulishia mifugo! Nimemwekea mchicha. Kautazama. Kautupa nje, jani mojamoja, kwa utulivu.

Nililitundika banda kwenye ndoano mlangoni pa duka, wazee wanapopita. Kosa! Upepo wa Juni ukalikamata, likaanza kuyumba. Behewa akadhani safari imeanza. Akapiga filimbi ndefu ya treni, kisha kwa sauti ya amri: “Tiketi!” Mama mmoja aliyefuata mashudu alianza kupekua mkoba.

Nimelishusha. Sasa liko juu ya kaunta.

Jumatano, 10 Juni

Masomo. Nimekaa mbele ya Behewa nikinong'ona shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaniangalia kama mtu anayeangalia samaki.

Kisha nikapata akili. Kwa nini nijichoshe? Kila anayeingia dukani anamwamkia Babu. Watoto, akina mama, madereva wa bodaboda. Shikamoo kutwa nzima, bure, bila mwalimu! Nimemwacha kaunta na kwenda zangu ndani kusoma. Huu ndio uongozi.

Mansuri kapita akampa alizeti konzi nzima. Behewa kamlalia begani. Msaliti.

Alhamisi, 11 Juni

Ameongea! Na mimi nataka kuhama mkoa.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Kristina, anayetufundisha Kiswahili, kaingia kununua sabuni. Babu alikuwa msikitini. Nikasema huu ndio mtihani. Nikasogea karibu na banda. Nikachezesha midomo vizuri kabisa. Na Behewa, kwa sauti nzito ya Babu, na kikohozi cha Babu mwishoni, akasema:

“Marahaba! Khm.”

Marahaba! Kwa mwalimu! Kabla hata hajafungua mdomo!

Nikaelewa papo hapo. Wanaosema shikamoo ni wengi, kila mmoja na sauti yake, wanapita. Anayesema marahaba ni mmoja tu, yuko pale asubuhi mpaka jioni. Ndege kamchagua mwalimu asiyekosa kipindi.

Mwalimu Kristina kaniangalia midomo, ambayo ilikuwa bado inacheza. Akaweka sabuni chini. Akasema haya, samahani mkubwa wangu, nimechelewa: shikamoo.

“Marahaba! Khm.”

Mansuri alicheka hadi akakalia gunia la mashudu likapasuka. Mimi nilipiga magoti nyuma ya kaunta na sikuinuka mpaka mwalimu alipoondoka. Sabuni hakulipia. Sikumdai.

Ijumaa, 12 Juni

Mipango miwili mipya, yote mizuri.

Wa kwanza: giza. Kitabu kinasema kasuku akifunikwa hudhani ni usiku, hunyamaza. Nimechukua kanga nzito ya Mama. Nimefunika. Kimya! Nimefunua: “Tiketi!” Nimefunika. Kimya! Nimerudia mara nyingi kwa raha tu.

Wa pili: kumfundisha upya, mahali ambapo Babu hayupo. Nimembeba na banda lake hadi stoo, nikafunga mlango. Lakini upepo ulikuwa unagonga mabati, nanong'ona hata mwenyewe sijisikii. Ikabidi nipaze sauti. Shikamoo! Mabati yakazidi. SHIKAMOO! Nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Behewa kimya, anakuna shingo. Mama kagonga mlango akauliza nagombana na nani humo, nikasema namfundisha ndege adabu. Kasema basi nami nikae nisikilize.

Kazi bure mchana wote. Sijui kwa nini nimejisumbua.

Jumamosi, 13 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Bibi Fatu kateremka kwenye bajaji akiwa na mkoba, mwavuli, na tiketi ya basi mkononi bado. Tumejipanga dukani. Behewa kafunikwa kanga. Mansuri katoa shikamoo yake ya kufikia ziwani. Bibi kaitikia, kampapasa kichwa. Kisha akanigeukia mimi. Duka zima likanigeukia.

Nikafungua midomo. Ikatoka hewa.

Na upepo! Upepo huu wa kwetu usiobisha hodi! Ukaingia mlangoni, ukainua kanga, ukaivika mizani.

“Marahaba! Khm.”

Babu akakohoa kwa mshtuko, sauti ileile. Bibi Fatu akasimama. Akauliza taratibu nani kamwitikia yeye, Fatu, kama mtoto. Mansuri hakusubiri hata pumzi moja. Kasema ni Radhia huyo Bibi, siku hizi ndivyo alivyo, na mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeshika kishikio cha banda. Tayari! Ameshalinyanyua! Behewa akanitazama kupitia wavu, na sijui nini kilinitokea, koo likafunguka kama jana stoo:

“SHIKAMOO BIBI!”

Vumbi lilidondoka darini. Mbuzi wa jirani alikimbia. Ng'ambo ya barabara Anselm akaitikia marahaba. Mzee aliyekuwa anapita na baiskeli akaitikia marahaba, akayumba, akashika njia.

Bibi Fatu kaweka mkono kifuani. Kasema mimi si kiziwi, mjukuu wangu. Kisha kasema marahaba, marahaba sana, kumbe na wewe una mdomo. Babu akamwondoa Mansuri kidole kimoja kimoja kwenye kishikio.

“Tiketi!” akasema Behewa.

Bibi akamsogelea, akamwonyesha.

Jumapili, 14 Juni

Behewa ni wangu! Kabisa! Babu kasema mbele ya watu!

Bibi Fatu asubuhi kavuta kiti mbele ya banda. Nilimsikia akimwambia ndege shikamoo, kwa sauti ndogo kama yangu. Behewa kaitikia marahaba, na kikohozi. Bibi kacheka, kasema tena. Baadaye kaniambia tangu wakubwa zake walipokwisha, hakubakiwa na wa kumwitikia hivyo. Kasema ni raha kuwa mtoto wa mtu tena, hata kama mtu mwenyewe ana manyoya.

Mama kafurahi mno. Kasema sasa sauti imepatikana, kesho twende wote sokoni nikawaamkie wazee kama nilivyofanya jana. Mama hajaelewa. Ile ilikuwa ajali.

Nimetafakari siku nzima na nimeona kosa langu lilipokuwa. Kasuku mmoja hatoshi! Mzee Simeoni alisema ana rafiki Tabora mwenye kasuku wa kike, ana kibali, na amechoka naye. Nitamfundisha huyo shikamoo. Behewa ataitikia. Nitaweka mabanda mawili mlangoni, moja kila upande, na salamu za nyumba hii zitakuwa zinajiendesha zenyewe. Mimi nitakuwa ndani na kitabu changu. Sitahitajika tena maishani!

Nimeshapima mbao. Nimempelekea Anselm vipimo. Kauliza kama nafungua gereza.

Nikamjibu. Hakusikia.