Yah: Kifo cha Sungura Kongi na Tarehe ya Tambiko Lake

Mtaa wa Taehwa, Andong.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Haebaragi, Seoul.

Ndugu Mkurugenzi,

Huku Andong mitufaha imeanza kutoa maua, na wakulima wanatazama mawingu zaidi kuliko wanavyotazamana. Natumaini huko Seoul nako mnayaona majira, angalau kupitia dirisha la ofisi. Jina langu ni Tak Yeong-sik, mwalimu mstaafu wa jiografia, nami ni mteja wenu katika ile tovuti ya watoto iitwayo Kijiji cha Sungura. Nasema "ni" kwa makusudi. Barua yenu inasema "ulikuwa".

Siandiki ili kugombana. Nimefundisha miaka mingi, na najua kuwa anayegombezwa hujifunza kunyamaza tu, somo lenyewe likampita. Nitaeleza taratibu. Pale utakapoona naeleza jambo unalolijua tayari, nivumilie kama wanafunzi wangu walivyonivumilia, yaani ukiwa umetulia na ukitazama mbele.

Nianze na chanzo. Mjukuu wangu Danbi alikuwa na miaka minane mama yake alipomchukua kwenda naye Kanada ili akasome huko, na mwanangu akabaki Seoul kazini, kama familia nyingi za siku zile zilivyofanya. Pale uwanja wa ndege mtoto hakulia. Alinishika kidole akasema, "Babu, umlishe Kongi mpaka nirudi. Usisahau. Na usimpe kabichi, inamvimbisha tumbo." Kongi ni sungura wake, aliyekuwa akiishi kwenye tovuti yenu. Nilimwahidi, na tangu siku ile nimemlisha kila asubuhi kabla sijatia kitu kinywani mwangu. Nikifungua ukurasa alikuwa akitokea mlangoni pa nyumba yake, anajipangusa uso kwa viganja, kisha anauliza, "Umeshakula?" Tangu mke wangu afariki, hapakuwa na mwingine nyumbani wa kuniuliza hivyo.

Danbi anarudi sikukuu ya mavuno, Chuseok, ya mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Nanyi mwishoni mwa Machi mmekizima Kijiji kizima, pamoja na waliokuwamo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sababu mliyotoa. Tangazo lenu linasema: "Kwa kuwa watoto wamekua, Kijiji kinafungwa. Kwaherini, na mle vizuri." Kwamba watoto wamekua, nakubali. Je, sungura walikosa nini? Katika shule niliyofundisha, darasa la mwisho likihitimu hatukuwa tukichinja kuku wa bustani ya shule. Kusema kweli mwaka mmoja tuliwachinja, lakini wazazi walialikwa.

2. Jibu la ofisi yako. Nilipowaandikia kuuliza Kongi yuko wapi, nilijibiwa siku hiyo hiyo, jambo ninalolipongeza. Jibu lilikuwa hili: "Habari, rafiki yetu mdogo Tak Yeong-sik. Tunajua una huzuni. Mwombe mama au baba akukumbatie na akusaidie kuchagua mchezo mwingine." Kwa hesabu yetu ya jadi, inayompa mtoto mwaka wake wa kwanza siku anayozaliwa, nina miaka sabini na saba. Kwa hesabu ya wageni nina pungufu. Kwa hesabu yoyote ile, mimi si mdogo. Hata hivyo ni mtu wa kufuata maelekezo. Siku ya Hansik, tunapokwenda mlimani kusafisha makaburi, niliwauliza mama na baba. Niliwamiminia pombe ya mchele, nikasujudu mara mbili, nikaeleza yote tangu mwanzo. Ilinichukua muda, maana baba alifariki kabla televisheni haijafika kijijini kwetu, na ilibidi nianze na televisheni. Hawakuchagua mchezo.

3. Mfanyakazi wenu wa zamu ya usiku. Kwa miaka yote hii, mtu huyu alikuwa akimlisha Kongi bila idhini ya familia. Nikiamka alfajiri nakuta mabaki ya karoti. Matokeo yake Kongi alinenepa hadi akawa anakwama mlangoni, na lile swali lake akawa analiuliza nusu yake ikiwa ndani na nusu ikiwa nje. Kila Desemba mtu huyo alimvalisha kofia nyekundu yenye manyoya meupe, hakumuuliza mtu. Wakati wa baridi alimvika viatu vya kutembelea kwenye theluji nene, ilhali bustani ya Kongi haikuwahi kuwa na theluji. Sikulalamika mapema kwa sababu, mwaka niliolazwa hospitali kwa ajili ya nyonga, nilirudi nikamkuta Kongi mzima, ameshiba, na masikio yamechanwa vizuri. Hivyo lalamiko hili lina pande mbili. Naomba mtu huyo akaripiwe kwa kunenepesha sungura wa watu, na naomba jina lake ili nimpelekee kikapu cha matufaha.

4. Tarehe ya kifo. Hili ndilo kubwa. Pengine wewe ni kijana na mambo haya umewaachia wajomba, kwa hiyo nieleze. Tambiko la marehemu hufanywa usiku, siku aliyofariki inapoingia. Tarehe ikikosewa, marehemu anakuja, anakuta meza tupu, anarudi na njaa mwaka mzima. Sasa tangazo lenu linasema Kijiji kitazimwa "saa sita usiku, tarehe thelathini na moja". Saa sita ipi? Ile inayoifungua tarehe thelathini na moja, au ile inayoifunga? Mtu aliyeandika vile hajawahi kupika chakula cha tambiko.

Utaniuliza kwa nini sikuangalia mwenyewe. Siku zile nilikuwa Yecheon kumzika shemeji yangu, nikamtegemea huyo mtu wenu wa usiku. Niliporudi nilikuta tangazo tu, jeupe, bila mlango wala masikio. Kwetu mtoto asiyekuwepo mzazi wake anapokata roho huibeba aibu hiyo mpaka naye anazikwa. Sijui sheria inasemaje kuhusu sungura, lakini najua nilivyohisi.

Nililipeleka suala la saa sita kwenye ukumbi wa wazee wa mtaa. Mzee Ma Chun-bae, aliyekuwa bwana posta, alicheka mpaka akaweka chini vijiti vya kulia.

"Mwalimu Tak, umefundisha watu dunia nzima iko wapi, leo unalilia picha?"

Bibi Bok-rye, anayetupikia tambi, akamjibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria: "Wewe Ma, picha ya marehemu mkeo unaipangusa vumbi kila asubuhi na kuiamkia. Ile nayo ni nini, jokofu?"

Mzee Ma akaviokota vijiti vyake. Akasema, "Haya, basi tuamue. Mimi nasema ni ile ya kufungua. Posta tulikuwa tunapiga mhuri hivyo."

"Posta yako barua zilikuwa zinafika Chuseok ya mwaka wa pili," akasema Bibi Bok-rye. "Ni ya kufunga."

Ukumbi ukagawanyika, tambi zikapoa, na watu wawili waliokuwa wakicheza karata pamoja tangu wastaafu sasa wanakaa kona tofauti. Hayo ni madhara mliyosababisha kwa sentensi moja. Naomba jibu la maandishi, lenye mhuri, likisema ni saa sita ipi.

5. Mazishi. Mlimani nimemtengea Kongi sehemu, chini kidogo ya mke wangu, ambaye hakuwa na kinyongo na sungura. Mwandishi wa kitabu cha ukoo wa Tak amesema pembezoni mwa ukurasa wangu nafasi ipo, ila anataka cheti cha kifo. Tatizo ni kwamba sina cha kuzika. Nitumieni chochote alichokuwa amelalia: waya, kisanduku, hata kipande cha mashine. Nitakiosha na kukivisha kitani kama inavyotakiwa. Kama alikuwa amelala mahali pamoja na sungura wengine, watumeni wote, mlima ni mpana.

6. Mfiwa mkuu. Hapa ndipo ninapohitaji msaada wako kweli. Mimi nilikuwa mlezi tu. Mwenye msiba ni Danbi, na bado hajaambiwa. Mimi na yeye huzungumza kwa simu Mwaka Mpya na siku yangu ya kuzaliwa. Kikorea chake kimepungua, na Kiingereza changu hakikuwahi kuwapo. "Babu, hujambo?" "Sijambo. Unasoma?" "Nasoma." Baada ya hapo tunasikilizana tunavyopumua, mpaka mmoja aseme usiku umeingia upande wake. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumkabidhi atakaposhuka kwenye ndege, nacho ni Kongi akiwa hai. Ningemfungulia kompyuta, sungura angetoka mlangoni, angekwama, sote tungecheka, na baada ya kicheko maneno yangejipata yenyewe. Sasa nitamfungulia nini?

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo mawili. Ama wahandisi wako wakiwashe tena Kijiji, angalau nyumba ya Kongi, angalau asubuhi ya Chuseok. Ama wewe mwenyewe ufike Andong siku hiyo ukiwa na nguo nyeusi, umwinamie Danbi, na umweleze kwa nini jambo hili limetokea nyumbani kwako. Njoo na mtu wa zamu ya usiku. Barabara hujaa sana sikukuu ile, kwa hiyo ondokeni siku moja kabla. Matandiko yapo, na chakula hakitakosekana.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu ninakuheshimu. Nisalimie wahandisi, mlinzi wa mlangoni, msichana anayejibu barua, na wazazi wako kama bado wapo. Kama hawapo, wasalimie hata hivyo.

Wako katika msiba,
Tak Yeong-sik,
Mlezi wa marehemu.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Barua hii imekaa mezani siku kadhaa kwa sababu magoti yangu yalikataa kwenda posta. Katika siku hizo simu ililia. Haikuwa Mwaka Mpya wala siku yangu ya kuzaliwa, kwa hiyo niliipokea kwa hofu.

"Babu," alisema Danbi, "umeshakula?"

Nilivuta kiti nikakaa. Akaendelea, kwa Kikorea chake cha kuvunjikavunjika: "Kijiji hakifunguki. Nimengoja, nimengoja. Sasa nitajuaje kama umekula?"

Nikamuuliza Kijiji kinamhusu nini, msichana wa chuo. Akacheka. "Babu, ulidhani nani anampa Kongi karoti? Kwenu usiku, kwetu asubuhi. Nikikuta umemlisha, najua babu yangu ameamka. Ile wiki hukumlisha, si ndipo nikampigia baba, akaniambia uko hospitali?"

"Na kofia nyekundu?"

"Krismasi, babu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nani mwingine alikuwa na neno letu la siri?" Halafu akasema, "Na kabichi ulimpa. Niliona majani."

Alikuwepo dakika ya mwisho. Kwao ilikuwa asubuhi ya tarehe thelathini na moja, huku kwetu tarehe hiyo ikiisha, naye amesimama na kikombe mkononi. Kongi alitoka, akakwama, akauliza swali lake, na kioo kikawa cheupe. Kwa hiyo ilikuwa saa sita ya kufunga siku. Bibi Bok-rye ameshinda. Mzee Ma anasema Kanada haihesabiki, lakini amerudi kwenye karata.

Tangu siku ile anapiga simu kila ninapoamka. Haridhiki na "nimekula". Anataka kujua supu gani, imewekwa nini, na kama nimedanganya. Kikorea chake kinarudi kupitia mboga. Jana alikumbuka mwenyewe jina la figili zilizokaushwa, akalirudia mara nyingi kwa furaha.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote sita. Na nakuomba kwa heshima, kama wahandisi wako wameshaanza kukifufua Kijiji, wazuie. Wape likizo. Kikiwaka tena, swali lile nitaulizwa na sungura. Nawe usisumbuke kuja. Bakuli la Kongi ataliweka mwenye msiba mwenyewe, na kwa tarehe sahihi. Yale matufaha ya mtu wa zamu ya usiku nampelekea yule msichana aliyeniita rafiki mdogo. Ushauri wake wa kutafuta mtu wa nyumbani haukuwa mbaya.

Nakatisha hapa, simu inalia. Leo ni supu ya figili na wali wa jana.