Hotuba ya Kufungua Kituo cha Kukaba, Ikwiriri

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa walioshindwa kufika. Mashehe, mapadri na wazee wetu. Wanunuzi wa ufuta, mawakala wa mabasi na wenye nyumba za wageni. Kocha Marsela na mabinti wa timu yetu ya kikapu, ambao nimeambiwa mna haraka ya kwenda kucheza fainali Kibiti alasiri hii, haraka ambayo naitambua na nitaizingatia kadiri hotuba itakavyoruhusu: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa, izingatiwe kuanzia sasa. (Makofi machache.)

Ndugu wananchi, mimi Deusdedit, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Uimarishaji wa Difensi, nataka niwaeleze tulikotoka. Timu yetu ilipoingia pleyofu, yaani hatua ya mchujo, ilipigwa mchezo wa kwanza mpaka mabinti wakatoka uwanjani wamejifunika mitandio usoni. Kamati ikakaa warsha, ikafanya upembuzi yakinifu, ikabaini kwamba changamoto ni ulinzi, nami bila kuchelewa nikaajiri walinzi wawili wenye marungu, nikawaweka getini. (Kicheko.) Msicheke. Tangu siku ile hakuna mpira uliopotea.

(Kocha Marsela: "Mheshimiwa, nilisema hawarudi nyuma kukaba!")

Asante, mwalimu, hoja yako imepokelewa na itachakatwa. Sasa, mchezo wa pili, ambao tukifungwa tunarudi nyumbani na tukishinda tunaingia fainali, ulikuwa unaelekea ukingoni na tuko nyuma kwa pointi moja, na yule binti wao mrefu anafunga anavyotaka, anaruka juu ya mabinti wetu kama wamekaa. Mwalimu Marsela akaomba taimu auti. Nami, kwa kutambua kwamba wachezaji wamepoteza fokasi na wanahitaji maindseti mpya, nikashuka kutoka jukwaa kuu nikaingia katikati yao, nikaanza kuwasalimia kwa kufuata vyeo.

(Sauti ya mwanamke: "Ukamaliza taimu auti yote!")

Nilikuwa bado kwenye utangulizi, Bi Habiba. Hapo ndipo kapteni wetu Mwantum, binti wa kijiji cha Mloka, aliyekulia juu ya dungu la kulindia shamba akifukuza tembo kwenye mpunga wa baba yake, akanigeukia, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee. Naomba utupishe, tunataka kukaba." Nikapisha. Ndugu wananchi, kupisha nako ni uongozi! (Vigelegele, vya kumshangilia Mwantum.)

Akawashika wenzake mabega, akawaambia, "Tuache kuangalia ubao. Kila mtu na mtu wake. Akipumua, usikie." Na huyu mdogo wao, Warda wa kutoka Salale, akasema, "Yule mrefu niachieni mimi." Wenzake wakamtazama, maana anamfika kifuani.

Walirudi uwanjani wakakaba, jamani. Mwantum akanyang'anya mpira, akakimbia peke yake, akafunga. Tukawa mbele kwa pointi moja. Yule mrefu akapewa mpira wa mwisho, akaja kwa kasi ya basi la Lindi, na Warda akasimama njiani, miguu chini, mikono juu, hakupisha. Akagongwa kifuani, akaenda chini chali. Mimi mwenyewe faili lilinidondoka na sikuliokota. Refa akapuliza: faulo ya yule mrefu, mpira wetu! Mwantum akamwinua Warda, akamuuliza, "Umeumia?" Warda akajibu, "Nimeumia. Tumeshinda?" (Makofi marefu. Warda anajificha nyuma ya kocha.)

Kwa mujibu wa tathmini, difensi imepanda kwa asilimia mia mbili na kumi, ambapo sitini ni mabinti na zinazobaki ni Kamati. (Miguno.)

(Bi Habiba: "Deusi, fainali haikungoji! Wanangu, pandeni lori langu, twendeni!" Wachezaji wanapanda. Umati unawafuata ukiimba.)

Ndugu wananchi, rudini, bado kaulimbiu! Difensi! (Honi ya lori inasikika kwa mbali.) Difensi ni maendeleo! (Mzee mmoja: "Ndiyo.") Asante, mzee. Basi, kwa heshima niliyopewa, nakata utepe huu na kutangaza kwamba Kituo cha Kisasa cha Kukaba, chenye uwanja wa ndani, taa na mabafu, kimefunguliwa rasmi. Namshukuru mfadhili, ambaye tutamtafuta. Namshukuru mkandarasi, ambaye atapatikana mfadhili akipatikana. Nawashukuru wamiliki wa eneo, mara tutakapojua kituo kitakuwa eneo gani. Na wewe mzee uliyebaki, nakushukuru kipekee, ila ukipita hapo kwenye utepe nenda taratibu: nyuma yake hakuna kitu, kuna mtaro wa barabara.