Mkono wa Kukodi

Mtaani walimwita Waziri kwa sababu ahadi alikuwa nazo tele, ofisi hakuwa nayo. Asubuhi hiyo alijibanza kwenye benchi la maabara ya hospitali, chini ya feni, akivizia riziki. Riziki ikaingia ikitokwa na jasho: muuza magodoro wa mtaani kwao, jitu la miraba minne, fomu ya bima ya maisha mkononi.

"Bosi, unaogopa sindano?"

"Nikiiona tu nazirai. Na bila kipimo cha damu hawanipi bima."

"Basi mimi nina mkono," alisema Waziri, akikunja shati taratibu. "Damu yangu safi, haina doa. Nipe godoro la sita kwa sita, la springi, yaishe."

Wakaelewana. Waziri akaitika jina la muuza magodoro, akatoa mkono, hata akamtania dada mpimaji. Kufikia saa nane alikuwa chali juu ya godoro jipya, akijipongeza kwa kuipiga bao kampuni nzima ya bima kwa kijichupa kimoja cha damu.

Kesho yake hospitali ikampigia simu muuza magodoro: aje haraka, majibu si mazuri. Akamkokota Waziri kwa ukosi hadi kwa daktari, mama mmoja mwenye miwani.

"Pole, baba," daktari alimwambia muuza magodoro. "Katika tone dogo la damu, chembe nyeupe hazitakiwi kuzidi elfu kumi na moja. Zako ni laki moja na elfu themanini. Huenda ni saratani ya damu. Ila kipimo kimoja hakitoshi: tutatoa damu tena tutafute kasoro kwenye vinasaba, kisha uboho kutoka mfupa wa nyonga."

Muuza magodoro aliposikia mfupa, akashika meza. "Si yangu hiyo! Ni ya huyu!"

"Wagonjwa wengi husema si yao."

Waziri akaanza kukumbuka. Suruali zilizoanza kumpwaya, jasho la usiku, tumbo lililojaa kwa vijiko viwili vya chakula: yote alikuwa ameyasingizia maisha magumu. Aliogopa, aliogopa kwelikweli. Akafungua mdomo, ukatoka ukweli.

"Ni yangu, mama. Nilimuuzia."

"Una moyo mzuri, mwanangu," daktari alisema, akifuta miwani. "Ndugu wenye mapenzi nao husema hivyohivyo."

Hapa msomaji tafadhali asicheke. Mtu aliyedanganya miaka ishirini bila kukohoa alihangaika saa nzima na ukweli mmoja, akaapa, akapiga magoti, na hakuna aliyeununua. Mwishowe daktari akachoka.

"Leteni vitambulisho. Nawachoma wote wawili, mimi mwenyewe."

Muuza magodoro alizirai pamba ilipomgusa tu. Damu yake ilikuwa safi. Ya Waziri ilikutwa na ile kasoro, na uboho ukamaliza ubishi. Akaandikiwa vidonge vya kila siku, na kipimo kila baada ya miezi mitatu kuona kama kasoro inapungua.

Godoro Waziri alikuwa ameshanyang'anywa siku ileile ya simu. Siku Waziri alipotoka kutolewa uboho, akichechemea, muuza magodoro alilirudisha mwenyewe, begani, akitukana njia nzima.

Sasa humsindikiza kwenye kila kipimo, uso kaugeuzia ukutani. Kasoro inapungua. Na dada mpimaji akiuliza, "Jina?", Waziri hutaja lile alilopewa na mama yake, kisha hulirudia polepole, na hainui macho mpaka alione limeandikwa kwenye kichupa.