Mikato Mitano ya Sarafu ya Mama

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimeazima utajiri. Ulikuwa kwenye droo ya cherehani ya dada, kati ya vifungo na chaki. Sarafu ya fedha ya marehemu mama! Upande mmoja kichwa cha mfalme, pua imelika. Mwaka hausomeki. Upande wa pili mweusi tii. Lakini ukingoni! Mikato mitano midogo, imekaa pamoja. Na chini ya shingo ya mfalme, kitu kama herufi. Niliwahi kusikia redioni kwamba sarafu iliyokosewa kiwandani hutafutwa kwa udi na uvumba. Nikamwambia dada naiazima tu niitazame. Akasema sawa, ila irudi Jumamosi, maana ni kitu cha mama ambacho bado anakishika kila siku. Sikumuuliza anakishika kwa kazi gani. Nilikuwa na haraka.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa mlangoni anatafuna karanga. Akatamka kwamba hiyo imegongwagongwa tu. Huyu mtu anajua kila kitu, tangu bei ya saruji hadi maumivu ya mgongo. Nilimwonea huruma.

Jumanne, 7 Mei

Nimeng'oa lenzi ya darubini mbovu, nikakaa nayo dirishani asubuhi nzima. Jicho la pili nililifumba mpaka likagoma kufumbuka. Matokeo: mikato miwili imezama sana, mitatu kidogo. Ajali haijipangi hivyo! Hapa pana mkono wa mtu, tena mkono wenye nia. Bila shaka fundi wa kiwandani aliweka alama ya siri. Mfalme mwenyewe hakujua. Nimemwonea huruma naye.

Mpango: nauza, kisha namnunulia dada cherehani ya umeme. Ile aliyoachiwa na mama ina kelele mno. Akiipata mpya, ataikumbukia nini sarafu?

Jumatano, 8 Mei

Sonara. Duka jembamba, tumbo lake na kaunta vinagombea nafasi. Aliidondosha sarafu kwenye kioo, akasikiliza mlio, akaipima, akasema ni fedha halisi. Moyo ukaruka! Kisha akaanza kuharibu. Eti alama ya kiwandani hupigwa pamoja na sura yote, na sarafu nyingine za toleo hilo huwa nayo. Hii mikato imesukuma fedha pembeni, imejikunja kama siagi iliyopitiwa na kisu. Maana yake kitu kigumu kiliiuma baadaye. Kwa hiyo ni majeraha. Kuhusu herufi hakuwa na hakika, nirudi Ijumaa lenzi yake kubwa ikitoka kwa fundi. Akaongeza kwamba hata yenye majeraha inaweza kupata mnunuzi, kwa kuwa wakusanya sarafu hupenda weusi wa umri kama huu. Akanisihi nisiioshe.

Nikawaza njia nzima. Kwa nini mtu akataze kuosha? Kwa sababu anajua kilichopo chini! Mimi si wa kuchezewa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeiosha. Dawa ya meno, mswaki wa zamani, majivu kidogo, ndimu. Uangalifu mkubwa. Weusi wote umetoka, inang'aa kuliko kijiko kipya. Herufi nayo imetoka. Ilikuwa uchafu. Mfalme amebaki kama yai lililomenywa.

Nilikaa nayo mkononi kwa muda mrefu. Nilijisikia kama mtu aliyemwamsha mgonjwa ili amuulize kama amelala vizuri. Lakini mikato ipo! Yote mitano!

Ijumaa, 10 Mei

Sonara aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Lenzi hata hakuitoa. Akauliza nimetumia nini. Nikasema maji. Akainusa, akasema maji yangu yana mnanaa. Akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. Sasa ni ya kuyeyushwa tu, akasema, nikitaka aigeuze pete leo hii.

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Pete ingeficha kila kitu. Ningempa dada kama zawadi, na angenishukuru! Halafu nikakumbuka alivyosema anaishika kila siku. Nikafunga mdomo nikatoka. Sijui kwa nini. Labda ilikuwa njaa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeirudisha. Dada alikuwa amekwama, uzi umejiviringa chini ya bamba la cherehani, na mteja anasubiri gauni. Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa. Akaigeuza, akaigeuza tena. Shemeji aliacha kutafuna.

Kisha dada akaingiza ukingo wa sarafu, pale penye mikato, kwenye skrubu pana ya bamba. Akazungusha. Skrubu ikafunguka. Akaniambia mama hakuwahi kuwa na bisibisi. Kila uzi ulipojifunga alifungua kwa sarafu hii, na skrubu ikawa inaung'ata ukingo kidogo kidogo. Nikauliza pua ya mfalme ililiwa na nini. Na dole gumba la mama, akasema. Na ule weusi ulikuwa mafuta ya cherehani na jasho la vidole vyake, ndiyo maana yeye hakuwahi kuufuta.

Nilitaka kusema samahani. Ikatoka kwamba ndimu haikuwa nyingi.

Akauondoa uzi, akanirudishia sarafu, akaniambia skrubu niifunge mwenyewe. Dole gumba langu lilikaa pale penye pua, likaenea kabisa. Nililia. Mbele ya shemeji! Yeye akainama kuokota maganda ya karanga sakafuni, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu aoe.

Jumapili, 12 Mei

Nimejuta sana. Nimeelewa kwamba alama nyingine hazitafutiwi bei, zinatafutiwa mwenyewe. Nimeapa kutochukua tena kitu cha mama kwa hila. Nimeandika ili nisisahau.

Jana nikiaga, dada alinipa mkasi wa mama. Alinipa mwenyewe, sikuuomba! Alisema haukati tena, niwe nao kwa kumbukumbu. Nimeuweka mezani, nautazama kwa heshima zote. Karibu na msumari wa katikati kuna alama ndogo. Kama taji. Mtu wa kawaida angesema ni mkwaruzo. Tatizo ni kutu, imeifunika nusu.

Dawa ya meno imebaki kidogo, lakini ndimu zipo.