Siku Kavu na Mabega ya Mabula

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nimeanguka mbele za watu. Siyo kosa langu. Kosa la mabega ya Mabula.

Kikundi chetu kinacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, na mimi ndiye wa juu. Ngoma ikikolea nampanda Mabula mabegani, nasimama wima, narusha jembe hewani na kulidaka. Bariadi nzima inanijua kwa hilo. Leo nimesimama tu, Mabula akaanza kutetemeka miguu kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Tukaenda chini wote. Jembe likanikosa sikio.

Mzee Sayi, kiongozi wetu, akasema, Mayige, umenenepa. Akasema jaribio la mwisho ni Alhamisi, kesho yake Nanenane. Mabula akitetemeka tena, juu anapanda Mihayo na mimi napiga ngoma. Mimi! Nikae vumbini nitazame nyayo za Mihayo!

Mihayo hakuchelewa. Akauliza, gunia la pamba likiota miguu si ndiyo huitwa Mayige? Watu wakacheka. Hata Mabula alicheka, akiwa bado chini yangu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepata dawa! Kwenye simu. Jamaa wa Dar, tumbo lina mistari kama matuta ya viazi, anasema siri ni mzunguko wa wanga. Siku moja unakula wanga mwingi, siku nyingine kidogo sana. Mwili unachanganyikiwa, mafuta yanakimbia. Rahisi! Nimewachanganya walimu miaka yote, mwili utanishinda?

Dada Felisita yuko likizo kutoka chuo cha uuguzi. Nikamuuliza, kwa kujishusha kidogo. Akasema siyo uchawi. Wanga ni nguvu ya kazi. Wanamichezo wanakula zaidi siku ya kazi nzito, wanapunguza siku ya kupumzika, na baadhi yao mpango huo huwasaidia. Ila mtu wa kawaida, kinachompunguza ni jumla ya anachokula wiki nzima, na kutembea. Akanitazama tumboni. Akasema nianze kwa kuacha chapati za kijiweni, halafu niache kwenda chooni kwa pikipiki.

Mchochezi. Nilienda mara moja tu, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nimechukua lililo muhimu: siku kavu. Siku kavu hakuna ugali.

Jumapili, 3 Agosti

Siku kavu ya kwanza. Sijagusa ugali! Nimekula matobolwa tu. Sahani ya asubuhi, sahani ya mchana, na mengine mfukoni ya njiani. Felisita akasema matobolwa ni viazi, na viazi ni wanga. Huyu chuo kimemharibu. Viazi vimechemshwa, vimekatwa, vimeanikwa juani mpaka vikakauka kama magome. Hapo wanga unabaki wapi? Na tangu lini Msukuma akasema amekula kama hajala ugali? Uliza nyumba yoyote kuanzia hapa mpaka Migato. Kisicho ugali ni kuchezea meno.

Shida ni mayu. Kumkatalia mama yangu ugali ni sawa na kumtukana. Alisimama na mwiko mkononi. Akauliza nani kanilisha nje. Akauliza kama nimegombana na baba. Akanigusa shingo. Akasema, ng'wanawane, mwanangu, kama ni tumbo sema, kama ni mwanamke sema, ugali haujakukosea kitu. Jioni nikamsikia akimwambia baba kwamba kuna mtu kanitazama vibaya, atafutwe kuku mweupe.

Kuku sikatai. Lakini kuku anakuja na ugali.

Jumatatu, 4 Agosti

Akili ninayo! Nimemwita Mabula. Mabula anaishi kwa mjomba wake, anabeba magunia ya pamba tangu alfajiri, chakula anakiona usiku. Mazoezini anakuja na chai tupu tumboni. Basi mchana nimepokea ugali wangu kwa heshima zote, nikasema nakula nje kwenye upepo, nikazunguka nyuma ya zizi. Mabula akaushusha mlima wote ule na mboga yake. Akalamba vidole. Akaniita kaka, na tuna umri mmoja! Mayu akaona sahani inang'aa, akaacha habari za macho mabaya. Kuku kapona.

Jioni, mazoezi. Nikapanda. Mabula katulia kama jiwe! Siku mbili tu na mimi nimekuwa unyoya! Mihayo akasema ni bahati. Nikamwambia aanze kuizoea ngozi ya ngoma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda ghala la pamba kujipima. Karani ni mtani wangu. Akanifunga kamba, nikaning'inia kwenye ndoano ya mizani kama furushi. Akasoma, akacheka, akauliza nina mawe mfukoni? Eti nimezidi nilivyojipima hapa wiki iliyopita.

Mizani mbovu. Wakulima wanalia kila msimu kwamba inapunguza, mimi imeniongezea. Imeharibika pande zote mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya wanga mwingi. Jamaa wa Dar kasema. Nimekula ugali wangu wote mwenyewe, nikaongeza. Mabula akaja nyuma ya zizi, mikono ameshanawa. Nikamweleza kitaalamu kwamba leo ni zamu yangu. Akameza mate, akarudi kwenye magunia.

Mazoezini, balaa! Sijasimama vizuri, magoti ya Mabula yakakunjika. Nikaikalia ngoma kubwa kutoka hewani. Mzee Sayi akampa Mihayo lile jembe, alizoee. Hilo limeniuma kuliko makalio.

Nyumbani Felisita akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza, Mabula leo kala nini? Nikamwambia habari ni yangu, siyo ya Mabula. Akasema, mdogo wangu, kati ya anayebeba na anayebebwa, kazi nzito ni ya nani? Nikasema ya kwangu, mimi ndiye ninayeogopa. Akajipiga paji la uso, akaingia ndani.

Jibu nimelipata mwenyewe. Sahani moja ya ugali inarudisha uzito wote papo hapo. Kitu hatari sana!

Usingizi umegoma. Nikifumba macho naona nyayo za Mihayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku kavu kali kuliko zote. Ugali wote kwa Mabula, na maziwa mgando juu. Mimi matobolwa tu, mfuko mzima, kwa sababu ya wasiwasi.

Jaribio. Mzee Sayi akakunja mikono. Mihayo akashika jembe langu, akalipangusa kama lake. Nikamnyang'anya, nikapanda. Nikasubiri mtetemeko. Hakuna! Nikarusha jembe, nikalidaka. Nikarusha tena kwa kiburi. Mabula akaanza kutembea nami huku anaimba! Mzee Sayi akasema, haya, Mayige abaki juu.

Jamani! Nimeshuka. Nikainama kufunga kamba za viatu ili wasione machozi. Nilikuwa pekupeku.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyakabindi, uwanja wa Nanenane! Watu kama siafu. Asubuhi Mabula kala ugali wangu wa safari, mimi nikabaki mwepesi. Kule juu nimeona mabati ya mabanda yote, mafahali wa maonyesho, na kipara cha Mihayo chini kwenye ngoma. Anapiga vizuri, sikatai. Nimemwambia amezaliwa kwa ajili ya kazi ile. Amenitukana kwa Kisukuma kirefu.

Mayu kapiga vigelegele akiwaambia wenzake, huyo wangu, ugali anaumaliza. Mimi nimeshusha pumzi niliyoibana wiki nzima. Dunia ni tamu ukiwa juu yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Sifa zimefika mbali. Kesho tunacheza harusini Kalemela!

Leo nimemkagua Mabula kwa jicho la kitaalamu. Mashavu yamejaa, shingo imenona. Hatari hiyo! Mtu mzito atambebaje mwenzake? Nikamhurumia, nikampa siri yangu yote bure. Kuanzia leo siku kavu, mpaka ngoma ya kesho iishe. Akauliza, hata tonge? Nikasema hata harufu. Akanishukuru sana, akaniita mwalimu.

Felisita akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge, yeye hajawahi kusimama mabegani kwa mtu.

Ugali wa leo nimeula mwenyewe, kwa amani. Mimi nimeshapungua.