Bahari ya Aktiki Sebuleni Al Mansoura

Jumanne, 5 Agosti

Bella anakuja! Binti yangu, daktari wa planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea baharini. (Si wa sindano. Nimechoka kueleza watu.) Ijumaa anapitia Doha akienda kupanda meli ya utafiti kule Aktiki, kwenye barafu. Saa chache tu kati ya ndege na ndege. Sijamshika tangu nilipotoka Eldoret. Amesema, Mama, nipikie ugali, tukae wawili, usiite mtu. Nimekubali kwa moyo wote.

Nimemwalika Mama Eugene wa ushirika wetu peke yake. Ilibidi! Ameniuliza mbele ya kanisa kama wangu bado anacheza na vijidudu.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Eugene ameambia ushirika mzima. Basi waje. Bella atakuwa amechoka, nitafundisha mimi. Kwani sijasikiliza sauti zake zote za WhatsApp nikipiga pasi? Maji ya Atlantiki huja na mkondo, yana joto na chumvi nyingi, yakifika Aktiki yanazama chini ya yale baridi. Baridi juu, joto chini! Chumvi ndiyo uzito. Kila tabaka na wenyeji wake: juu penye mwanga wale wanaojipikia kwa jua, kama sukuma wiki, chini gizani, wengine kabisa. Kama gorofa yetu hii. Na kuna ambao hawakuchagua, mkondo umewaleta tu kutoka mbali. Wakizoea, wanakaa.

Hapo nilizima pasi kidogo.

Nimeazima kwa madam ninayemfanyia kazi ule mtungi wa kioo wa juisi, wenye mfereji chini.

Ijumaa, 8 Agosti

Bella amekonda. Nilimkumbatia mpaka askari wa uwanja wa ndege akatuomba tusogee. Nyumbani, watu hadi kwenye ngazi. Aliniangalia. Akaanza kuwapa mikono. Afadhali angenigombeza!

Nikaanza somo haraka. Chini maji ya chumvi, nimeyatia rangi nyekundu ya keki. Juu maji ya friji, nikiyamwaga polepole juu ya mwiko. Yakajitenga! Hata Mama Eugene alisogeza kiti mbele.

Kumbe Ndugu Nahashon, ametoka lindo juani, amedhani ni sharubati. Akafungua mfereji, akashusha glasi nzima. Woi! Alikimbilia sinki akiita jina la Bwana. Mama Eugene akacheka, akauliza kama hiyo ndiyo digrii.

Nikamtafuta Bella kwa macho. Saa zetu nilikuwa nimezigawa kama maandazi, na sasa aibu juu. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya mtungi. Akasema tabaka zimeshika vizuri. Hata wao kwenye meli huteremsha chupa, kila moja ikajifunga kwenye kina chake, kwa sababu kila kina kina viumbe wake. Ndugu Nahashon amechota Atlantiki, basi! Watu wakavunjika mbavu, Nahashon mwenyewe akiwa wa kwanza.

Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni wewe, kwa simu. Akasema alidhani sisikilizi, kwa vile namjibu kwa picha za maua tu.

Aliwaaga wageni mmoja mmoja, kwa heshima, mpaka mlango. Akala ugali. Akalala pajani kwangu, nguo za safari mwilini. Mguu ukafa ganzi. Sikuusogeza.

Jumamosi, 9 Agosti

Ameenda. Aliniapisha kwamba akirudi Oktoba tutakuwa wawili tu. Nimeapa kwa dhati kabisa.

Nimeambia kwaya peke yao, waandae wimbo wa kumpokea. Kwaya si wageni. Hata viti hawahitaji.